Singapore na mwendo wa magari: faini ni ndogo, pointi ndizo zinazouma

Kutoka ncha ya mashariki ya kisiwa kikuu cha Singapore hadi ncha ya magharibi ni kama kilomita 50, na kutoka kusini hadi kaskazini hazifiki hata 30. Barabara ndefu kuliko zote, Pan Island Expressway, ina kilomita 40 na ushei tu. Dereva akizimaliza hizo 40 kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, ambao ndio wa juu kabisa unaoruhusiwa popote nchini, atatumia dakika 26 na sekunde 40. Akiamua kuvunja sheria na kukimbiza 110 mwanzo hadi mwisho, bila foleni, bila mvua, bila gari la mbele kumzuia, atatumia karibu dakika 22. Amevuna dakika tano. Hakuna faida kubwa kuliko hiyo ambayo mtu anaweza kuipata kwa kukimbiza gari ndani ya nchi hiyo, na kwa kawaida hapati hata robo yake, maana safari nyingi ni za kilomita chache na taa za njia panda humnyang'anya kila alichokiiba.

Hata hivyo watu wanakimbiza. Katika nusu ya kwanza ya 2025 peke yake polisi wa Singapore walihesabu makosa ya mwendo zaidi ya 100,000. Mwaka uliotangulia watu 142 walikuwa wamekufa barabarani, kutoka 136 mwaka 2023, na zaidi ya nusu yao walikuwa juu ya pikipiki. Serikali ikaamua kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2026 adhabu za mwendo zipande. Dereva wa gari dogo anayezidisha kwa kilomita zisizozidi 20 kwa saa, ambaye zamani alilipa dola 150 za Singapore na kupewa pointi 4, yaani alama za makosa zinazojumlishwa kwenye rekodi ya leseni yake, sasa analipa dola 200 na kupewa pointi 6.

Wengi waliposikia habari hiyo waliishika kwa upande wa fedha. Dola 50 zaidi, basi. Mimi naona fedha ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika mfumo ule, na kwamba mtu asipozielewa zile pointi mbili zilizoongezwa atadhani Singapore inategemea faini kali. Faini zake si kali. Kinachofanya kazi ni kingine, na ili kukiona inabidi tuanze mbali kidogo, kwenye vibao vyenyewe.

Swali la kwanza: mwisho ni kiasi gani?

Barabara ya kawaida isiyo na kibao chochote cha mwendo, mwisho ni 50. Dereva hahitaji kuambiwa. Asipoona kibao ajue yuko kwenye 50. Utaratibu huu una maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu unampa mtu jibu hata pale serikali ilipokuwa kimya. Nchi ambayo kimya cha barabara hakina maana yoyote huwaacha madereva wajipangie wenyewe, na kila mmoja hujipangia kwa kadiri ya injini yake.

Barabara za haraka, zile zisizo na taa wala njia panda, zina vikomo kati ya 70 na 90 kutegemea kipande. Mahandaki huwa chini zaidi, 70 hadi 80. Kallang–Paya Lebar Expressway imezama ardhini kwa kilomita kama 9, na Marina Coastal Expressway, iliyofunguliwa Desemba 2013, sehemu yake inapita chini ya bahari. Ndani ya handaki gari likiharibika halina pa kujiegesha, moto ukiwaka moshi hauna pa kwenda, na anayetoka nyuma hana uwanja wa kukwepa. Kushusha mwendo huko kunanunua nafasi ambayo wajenzi hawakuweza kuichimba.

Swali la pili ni chombo chenyewe. Kwenye barabara ileile ya 90, basi kubwa na lori zito mwisho wao ni 60, na magari mepesi ya mizigo pamoja na mabasi madogo ni 60 hadi 70. Kwa hiyo vibao havisemi kitu kimoja kwa kila mtu: dereva wa lori anayekwenda 80 nyuma ya gari dogo linalokwenda 80 amevunja sheria, mwenzake hajavunja. Malori mazito yanatakiwa pia kufungwa kidhibiti mwendo, kifaa kinachoizuia injini isivuke 60 hata dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho. Sharti hilo lilianza na yale makubwa zaidi, likashuka kwa yenye uzito wa juu unaozidi kilo 3,500, ambayo yamekuwa yakipewa tarehe zao za mwisho kwa mafungu.

Swali la tatu ni nani anavuka. Mbele ya shule za msingi kuna maeneo ambayo taa zikimweka mwendo unashuka hadi 40, na taa hizo humweka saa watoto wanapoingia na kutoka. Kuna pia maeneo yanayoitwa Silver Zone, yaliyoanza 2014 katika mitaa yenye wazee wengi, ambako mwisho ni 30 au 40. Hayo nitayarudia, kwa sababu ndiyo sehemu ya mfumo ninayoipenda kuliko zote.

Na kibao hakimalizi habari. Mvua za pale hushuka kama ndoo iliyopinduliwa, na dereva anayeshikilia 90 yake ndani ya mvua ya namna hiyo anaweza kushtakiwa kwa uendeshaji wa hatari hata kama hajavuka namba. Kikomo kimepangwa kwa siku njema. Siku mbaya dereva anatakiwa ajitungie kingine, cha chini zaidi.

Kwa nini 50, na kwa nini 20 za ziada si ndogo

Watu wengi hukadiria kwamba anayekwenda 70 kwenye barabara ya 50 ana hatari kubwa kiasi kidogo tu kuliko anayekwenda 50. Tupige hesabu. Mtoto ametokea barabarani. Dereva makini anahitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kuhamishia mguu kwenye breki, na muda huo wote gari linakwenda kwa mwendo uleule. Kwa 50, gari limeshakula mita 21 kabla breki haijashika. Barabara ikiwa kavu na matairi mazima, litahitaji mita nyingine 14 kusimama. Jumla mita 35.

Mwenye 70 anapita mita 29 kabla ya kugusa breki. Zimebaki mita 6 tu kufika pale ambapo mwenzake amesimama. Akifika hapo, gari lake bado linakwenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Lile la 50 limemwacha mtoto hai, limesimama mbele yake. Lile la 70 linampiga kwa kasi inayozidi hata kikomo cha barabara. Tofauti ilikuwa 20 kwenye mshale wa dashibodi, lakini mahali pa ajali tofauti ni 60 na sifuri.

Sababu ni kwamba nguvu iliyomo ndani ya gari linalotembea haiongezeki sambamba na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, na breki inabidi iimeze yote. Mtafiti wa Sweden, Göran Nilsson, alikusanya takwimu za barabara ambazo vikomo vilibadilishwa na kuonyesha kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, vifo hupanda kwa asilimia kama 4. Asilimia 10 za mwendo, kwa kanuni hiyo, huleta vifo zaidi kwa karibu nusu. Ndiyo maana wataalamu wa usalama hawaulizi sana nani alikimbia kupindukia, wanauliza umma mzima unakwenda kiasi gani. Maelfu wanaozidisha kwa 10 kila siku wanaweza kuzika watu wengi kuliko kichaa mmoja wa usiku.

Kichaa huyo naye yupo. Februari 2021, wakati wa sikukuu za Mwaka Mpya wa Kichina, vijana watano walikufa Tanjong Pagar Road baada ya gari lao kugonga jengo la duka na kuwaka moto. Barabara ile ni ya 50, na gari lilikuwa limevuka mara mbili ya kiwango hicho. Ilitikisa nchi. Lakini sheria ya mwendo ikitungwa kwa kumtazama yeye peke yake itakosa watu wengi wanaohitaji kuguswa.

Kupigwa tochi

Kumpima mtu mwendo ni kazi yenye njia tatu, na kila moja ina udhaifu wake.

Ya kwanza ni mwangwi. Kifaa cha rada kinatuma mawimbi, mawimbi yanagonga gari na kurudi. Gari likija, mawimbi yanayorudi yanabanana, likiondoka yanatanuka, kama king'ora cha gari la wagonjwa kinavyosikika chembamba linapokuja na kizito likishapita. Kiasi cha kubanana kinatoa mwendo. Ya pili ni mwanga: tochi ya leza aliyoshika askari hutuma miale midogo mingi kwa muda mfupi sana, inapima umbali wa gari mara nyingi ndani ya sehemu ya sekunde, na kutoka kwenye umbali unaopungua inapata mwendo. Faida ya leza ni kwamba inachagua gari moja katikati ya msururu. Rada hutandaza mawimbi yake na inahitaji uangalifu isichanganye jirani na jirani.

Singapore inatumia kamera za kudumu zilizosimikwa, kamera za kuhamishwa zinazowekwa mahali kwa mahali, na askari wenye tochi mkononi. Tangu Aprili 2024 imewasha pia uwezo wa kupima mwendo ndani ya kamera za taa nyekundu zilizokuwa tayari njia panda. Hatua hiyo ya mwisho haikuhitaji nguzo mpya hata moja. Dereva aliyekuwa akiiona taa ya kijani kwa mbali na kukanyaga mafuta ili aiwahi, jambo ambalo kamera ile zamani haikulijali alimradi hajapita kwenye nyekundu, sasa anapigwa picha kwa ule mwendo wake.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba kamera nyingi hazijifichi. Zimepakwa mistari ya rangi ya chungwa na nyeupe, vibao vinaonya kabla ya kuzifikia, na polisi huchapisha orodha ya zilipo. Mtu anaweza kuona huo ni upole usio na maana. Kwangu ni jambo la haki. Kamera iliyofichwa inakusanya fedha za aliyekwisha kukimbia; kamera inayoonekana inampunguza mwendo kabla ya mahali penye hatari. Serikali inayotangaza mtego wake inakiri kwamba haitaki uwe mtego.

Tatizo la kamera ya kuonekana linajulikana kwa kila dereva: anakanyaga breki mita 100 kabla, anapita kama malaika, kisha anakanyaga mafuta. Njia ya tatu ilibuniwa kwa ajili yake. Desemba 2018 Singapore ilianza kutumia kamera za mwendo wa wastani kwenye Tanah Merah Coast Road, barabara ndefu iliyonyooka upande wa mashariki, ya 70, yenye waendesha baiskeli wengi asubuhi. Hapo hakuna wimbi wala leza inayopima mwendo. Kamera ya mwanzo inasoma namba za gari na kuandika saa, kamera ya mwisho inasoma tena. Kwenye kipande cha kilomita 4, anayekwenda 70 anatumia dakika 3 na sekunde 26. Aliyefika kwa dakika 2 na sekunde 40 amekwenda wastani wa 90, hata kama mbele ya kila kamera alikuwa anatambaa. Umbali haubadiliki na saa haibembelezwi, kwa hiyo kubishana ni kugumu.

Kuna wanaolalamika kwamba dashibodi yao ilisema vingine. Kwa kawaida dashibodi inasema zaidi ya ukweli, si chini yake. Kanuni za kimataifa za utengenezaji wa magari zinakataza mshale kuonyesha mwendo mdogo kuliko halisi, na zinaruhusu uonyeshe mkubwa kidogo, ndiyo maana watengenezaji hujiwekea akiba upande huo. Ikiwa matairi ni ya ukubwa uliowekwa na kiwanda, anayesoma 90 aghalabu yuko chini ya 90. Aliyepigwa picha kwa kuzidisha, mara nyingi dashibodi yake ilikuwa ikimwonya kwa sauti kubwa kuliko ya kamera.

Barua ikitoka inakwenda kwa mwenye gari. Kamera imesoma namba, haijasoma sura. Sheria ya barabara ya nchi hiyo, ya mwaka 1961 pamoja na marekebisho yake mengi, inamtaka mwenye gari amtaje aliyekuwa anaendesha, na asipomtaja sheria inamchukulia kuwa ndiye yeye. Bila kipengele hicho kamera zote zingekuwa mapambo, kwa sababu kila mwenye gari angekuwa na binamu aliyelichukua siku hiyo.

Pointi

Sasa tufike pale nilipotaka. Ili kuelewa kwa nini faini haitishi, lazima ujue gharama ya kumiliki gari Singapore. Tangu 1990 huwezi kusajili gari bila kibali kinachouzwa kwa mnada wa serikali, na kibali hicho kinadumu miaka 10. Idadi ya vibali imebanwa makusudi ili kisiwa kisijae magari. Mwaka 2023 kibali cha kundi la magari madogo kilivuka dola 100,000, kabla hujalipia gari lenyewe. Mtu aliyelipa kiasi hicho kwa haki ya kuwa na usukani, umtumie barua ya dola 200, ataona ni bei ya kuegesha. Kwa aliye na fedha nyingi faini ni ada tu ya kupita haraka. Kwa msambazaji wa vifurushi anayepigania safari za siku, dola 200 ni jasho la siku nzima au zaidi. Faini iliyo sawa kwa wote si sawa kwa wote.

Pointi hazijali mfuko. Mfumo wa pointi wa Singapore ulianza 1983. Kila kosa lina uzito wake, na dereva anayefikisha pointi 24 ndani ya miezi 24 anasimamishiwa leseni kwa wiki 12 kwa mara ya kwanza. Akirudi tena kwenye tabia hiyo, kizingiti kinashuka hadi pointi 12 ndani ya miezi 12 na muda wa kusimamishwa unarefuka, hadi kufikia mwaka na zaidi. Anayesimamishwa mwaka mmoja au zaidi anapoteza leseni kabisa na kuanza mitihani upya kama kijana aliyetoka shule.

Rudi kwenye mabadiliko ya 2026 uone kilichotokea. Kosa dogo kabisa la mwendo lilikuwa pointi 4, kwa hiyo mtu aliweza kupigwa picha mara tano ndani ya miaka miwili na bado akabaki barabarani. Ya sita ndiyo iliyomtoa. Kwa pointi 6, ya nne inamtoa. Dola zimeongezeka 50, lakini uvumilivu wa serikali umepungua kutoka barua sita hadi nne.

Kwa dereva mpya ni kali zaidi. Mwaka wake wa kwanza ni wa majaribio, gari lake lina alama ya pembetatu, na akifikisha pointi 13 leseni inafutwa. Zamani makosa matatu madogo yalimpa 12: alibaki na leseni kwa tofauti ya pointi moja. Sasa matatu yanampa 18. Ile nafasi finyu iliyokuwepo imezibwa, na sidhani kama ni bahati nasibu.

Makosa makubwa yana mizani yake. Katika jedwali lililotumika hadi mwisho wa 2025, aliyezidisha kwa 21 hadi 30 alipata pointi 6, kwa 31 hadi 40 pointi 8, kisha 12, kisha 18, na aliyezidisha kwa zaidi ya 60 alipata 24 kwa mkupuo. Kuanzia kuzidisha kwa zaidi ya 40 mtu hakupewa nafasi ya kumaliza kosa kwa faini, alipelekwa mahakamani, ambako kosa la kwanza lina faini hadi dola 1,000 au kifungo hadi miezi 3, na la kurudia ni mara mbili ya hapo. Akiua mtu kwa uendeshaji wa hatari, sheria inaruhusu hadi miaka 8 jela kwa kosa la kwanza.

Lakini mfumo una mlango wa toba, na bila huo nisingeusifu. Dereva anayekaa miezi 12 mfululizo bila pointi hata moja, zote za nyuma zinafutwa. Aliyefika nusu ya kizingiti anaweza kwenda kwenye mafunzo ya uendeshaji salama, akifaulu anaondolewa pointi 4. Hapo ndipo faini na pointi zinapoachana kabisa. Faini ukishailipa imekwisha, na asubuhi yake uko huru kukimbia tena. Pointi zinakaa na wewe kwenye kiti kwa miezi, zinakuambia kila unapogusa mafuta kwamba zimebaki chache, na pia kwamba ukitulia zitaondoka.

Watafiti wa adhabu wamesema kwa muda mrefu kwamba mtu huzuiwa na uhakika wa kukamatwa kuliko ukubwa wa adhabu. Kisiwa kinarahisisha uhakika huo. Barabara ni chache za kutosha kuzitazama, daftari la magari ni moja, la leseni ni moja, polisi ni wamoja, na barua inamfikia mtu popote alipo kwa sababu hakuna mkoa wa mbali wa kupotelea. Bila daftari moja linalokumbuka, pointi ni karatasi tu.

Madaraja mawili

Kila kisiwa kina mlango, na Singapore ina miwili: daraja la Johor, lililofunguliwa 1924, na la pili huko Tuas, lililofunguliwa 1998. Kila siku magari na pikipiki za Malaysia huingia kwa wingi, nyingi zikiwa za wafanyakazi wanaorudi kwao jioni. Hapa mashine yote niliyoieleza inapata tundu. Kamera inasoma namba ya Malaysia vizuri tu, ila barua itatumwa wapi? Na pointi zitaandikwa kwenye leseni ipi, ikiwa leseni imetolewa na nchi nyingine?

Jibu lililopatikana ni la kisiwa hasa. Tangu Aprili 2019 Singapore ilitangaza kwamba gari la kigeni lenye faini zisizolipwa linaweza kuzuiwa lisiingie. Haimfuati mdeni ng'ambo ya maji, inamngojea mlangoni. Kwa anayevuka kila asubuhi kwenda kazini, kurudishwa mpakani ni kupoteza kibarua, kwa hiyo analipa. Hata hivyo tazama kilichopotea njiani: mgeni amebanwa kwa fedha na ruhusa ya kuingia, wakati mwenyeji amebanwa kwa kumbukumbu. Watu wawili waliozidisha kwa 20 mahali pamoja hawaishi chini ya woga uleule.

Mlango unafanya kazi pande zote mbili. Dereva wa Singapore akivuka kwenda kaskazini anakuta barabara kuu ya Malaysia yenye mwisho wa 110, iliyonyooka kwa mamia ya kilomita. Anakaa siku mbili tatu kwenye mwendo huo, macho na masikio vinauzoea. Anaporudi, 90 inaonekana kama kutambaa, na 50 kama kusimama. Wanasaikolojia wa barabara wanalifahamu jambo hili: mtu aliyetoka kwenye mwendo mkubwa hukadiria mwendo wake mdogo kuliko ulivyo. Hakuna kanuni inayoondoa hilo kichwani. Ni dereva mwenyewe kutazama mshale badala ya kuamini hisia.

Nirudi kidogo kwenye zile zaidi ya 100,000 za nusu mwaka, kwa sababu namba kama hiyo ni rahisi kupotosha. Makosa yanayohesabiwa ni yale yanayoonekana. Ukiwasha uwezo wa kupima mwendo kwenye kamera ambazo jana hazikupima, hesabu itapanda hata kama hakuna dereva aliyebadili chochote. Hivyo namba hiyo peke yake haithibitishi kwamba watu wa Singapore wamekuwa wakaidi zaidi. Kipimo kigumu kudanganywa ni vifo na majeruhi, maana maiti hazitegemei idadi ya kamera, na hicho nacho kilipanda kati ya 2023 na 2024. Vyote viwili vikipanda pamoja, serikali ilikuwa na sababu ya kushtuka, lakini uzito wa hoja uko kwenye hao 142.

Na sasa Silver Zone, niliyoahidi kuirudia. Wajenzi walikwenda kwenye mitaa ambayo wazee walikuwa wakigongwa, na hawakuweka kibao cha 30 au 40 na kuondoka. Waliifinya barabara. Walipinda njia iliyokuwa imenyooka ili dereva asiweze kuuona mwisho wake na kutamani kuufikia. Walichomeka katikati kisiwa kidogo cha zege, ili mzee avuke upande mmoja kwanza, asimame, apumue, atazame upande wa pili, ndipo amalizie. Kijana akipita hapo na gari lenye nguvu anapunguza mwendo bila kamera, bila askari, bila kufikiria pointi, kwa sababu barabara yenyewe imembana mabega. Na bibi mwenye mkongojo, ambaye zamani alitakiwa avuke njia zote kabla taa haijabadilika, sasa ana mahali pa kusimama katikati.